Kazi Mbili za Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa na kazi mbili na masomo ya ukunga. Kitu kimoja tu alikuwa hana: usingizi.

Asubuhi, kabla wenye ofisi hawajafika, alikuwa tayari ofisini kwao na ndoo. Alimwaga taka, akafuta meza, akasugua vyoo, akashuka akipiga deki ngazi moja baada ya nyingine. Wenyewe walipoingia walikuta kunanukia sabuni, naye keshaondoka mbio kuwahi basi la chuoni. Na baadhi ya jioni alikuwa jikoni mwa mgahawa mmoja, mikono ndani ya sinki, sahani zimerundikana kushoto na masufuria kulia. Katikati ya hayo yote alisoma. Ndiyo, alisoma! Si ndicho kilichomleta huku ugenini?

Kwao alikuwa amemwacha mumewe, fundi seremala, pamoja na watoto wao pacha, wavulana wa miaka saba. Mmoja walimwita Mkubwa, mwingine Mdogo. Walipishana dakika chache tu kuzaliwa, lakini Mkubwa alizidai heshima zake zote bila kupunguza hata moja. Huku hakuna aliyewahi kuwaona watoto hao. Lakini ukikaa na mama yao kidogo tu, utasimuliwa habari zao mpaka uwaote. Ndiyo maana chuo kizima kilimwita Mama Pacha.

Kila Jumapili mumewe alimpigia simu, wakaonana uso kwa uso kwenye kioo.

"Mama Pacha, umekula?"

"Nimekula, Baba Pacha."

"Umelala?"

"Nimelala vizuri tu."

"Mbona macho mekundu hivyo?"

"Ni taa za huku. Zina mwanga mbaya."

Masikini taa, zimesingiziwa bure! Mama Pacha hakuwa amelala, na alichokula siku ile ni mkate wa pakiti na chai ya rangi.

Sasa usije ukasema huyu mama alikuwa na tamaa. Hapana. Alipofika alikuwa na kazi moja tu, ile ya usafi, na alidhani itamtosha. Ikaja kodi ya chumba. Ikaja bili ya umeme. Zikaja nauli na vitabu. Pesa ikawa inaingia kwa mlango na kutokea dirishani. Na nyumbani nako walikuwa wameanza kujenga. Mwezi wa kwanza alijibana, akatuma kidogo cha kununulia saruji. Mumewe akamtumia picha ya ukuta. Majirani wakasifu, mashemeji wakasifu, hata mama mkwe, ambaye si mwepesi wa kusifu, alisema, "Huyu mtoto ana moyo." Mtu akishasifiwa kwa kutoa, neno "sina" humkwama kooni. Basi mwezi uliofuata akatuma tena. Na uliofuata. Hapo ndipo alipotafuta ile kazi ya pili, ya kuosha vyombo.

Na kosa lake lilikuwa hapo hapo. Kibali chake cha kusoma kiliandikwa wazi kwamba wakati wa masomo asifanye kazi zaidi ya saa ishirini kwa wiki. Mama Pacha alikisoma mwenyewe, tena si mara moja. Halafu akapiga hesabu yake. Ofisini alifanya saa kumi na nne. Mgahawani alifanya saa kumi na mbili. "Sijafika ishirini kule, wala sijafika ishirini huku," alijiambia. "Niko ndani ya sheria." Akaridhika kabisa, akavaa aproni.

Siku moja mchana walikuwa kwenye chumba cha mazoezi pale chuoni. Mle ndani mna kitanda cha kujifungulia, na mtoto wa plastiki mwenye uzito kama wa mtoto wa kweli. Mkufunzi wao, mama mmoja mtaratibu mwenye sauti ya chini, alimwita kila mwanafunzi kwa zamu. Mpokee mtoto. Mkaushe kwa taulo. Mlaze kifuani kwa mama yake. Basi.

Mama Pacha aliyajua hayo yote. Zamu yake ilipofika alimpokea mtoto vizuri, mikono imekaa inavyotakiwa. Akageuka kuchukua taulo. Macho yakafumba. Yalifumba kidogo tu, jamani, kama mtu anayepepesa. Aliyafumbua aliposikia kishindo. Mtoto alikuwa sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Mkufunzi aliinama, akamwokota yule mtoto, akamfuta vumbi kichwani.

"Leo ni plastiki," alisema.

"Nisamehe, mwalimu."

"Sina la kukusamehe, mwanangu. Nina la kukuambia. Mwezi ujao mnaingia wodini. Kabla ya hapo kuna mtihani wa vitendo. Asiyeweza kufumbua macho siwezi kumkabidhi mtoto wa mtu. Na asiyeingia wodini hawezi kuendelea na mwaka wa pili."

Aliyasema kwa upole. Afadhali angegomba, maana maneno ya upole yalimwingia Mama Pacha mpaka kwenye mifupa. Aliwaza pacha wake. Aliwaacha wakiwa wamelala, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuagana nao wakiwa macho. Aliwaacha kwa ajili ya cheti hiki. Akirudi bila cheti, atawaambia alikwenda kufanya nini?

Alirudi kwenye nyumba ya wanafunzi alikopanga, akaketi kwenye jiko la pamoja, koti hata hajavua. Akatoa mkate wake wa pakiti. Machozi yakaanza kumtoka.

Kwenye chumba kilichotazamana na chake aliishi mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Naye alikuwa mwanafunzi, wa shahada ya juu kabisa. Na siku kadhaa kwa wiki alifanya kazi kwenye ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni. Wote walimwita Shangazi. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini sufuria lake halikuwahi kumfukuza mtu. Aliingia jikoni na mfuko wa viazi, akamwona.

"Ebo! Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Shangazi."

"Basi mkate umekukosea nini mpaka uulilie?"

Mama Pacha akacheka huku analia. Kisha akasema yote: mtoto wa plastiki, mkufunzi, wodi, usingizi. Shangazi alimenya viazi akisikiliza. Aliposikia habari za kazi mbili, kisu kikasimama.

"Hebu rudia hapo. Unafanya saa ngapi kwa wiki?"

"Kumi na nne ofisini. Kumi na mbili mgahawani. Lakini sijapitisha ishirini, Shangazi. Si huku, si kule."

"Ngoja kwanza. Kile kibali ni chako au ni cha mwenye mgahawa?"

"Changu."

"Kina jina lako?"

"Langu."

"Basi saa zinahesabiwa juu ya kichwa chako, si juu ya sinki la mtu. Ukiwa na kazi moja, zinahesabiwa. Ukiwa na kazi tano, zinajumlishwa zote. Kumi na nne na kumi na mbili ni ngapi?"

Mama Pacha alijumlisha kichwani. Alikuwa hodari wa hesabu tangu shule ya msingi. Akaweka mkono mdomoni.

"Lahaula! Nimevunja sheria?"

"Umeivunja, mwanangu. Kwa kutojua, lakini umeivunja."

"Watanirudisha?"

Shangazi hakusema "usijali". Hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitia viazi motoni, akaongeza mayai mawili, akamwekea sahani mbele.

"Kula kwanza. Mwenye njaa hasikii ushauri."

Mama Pacha akala. Alikuwa amesahau kwamba chakula cha moto kina utamu wake.

"Sasa nisikilize," alisema Shangazi. "Sitakuahidi kitu nisichokuwa nacho. Ila nimekaa ofisi ile nimeona mengi. Wengi huja siku wameshaitwa na serikali. Wanakuja wanatetemeka, tunahangaika nao. Wewe hujaitwa na mtu. Kesho njoo mwenyewe, na hati zako zote za mshahara. Anayekuja kusema kwa mdomo wake husikilizwa tofauti na anayekamatwa."

"Naogopa, Shangazi."

"Ogopa, lakini njoo."

Alimsindikiza mpaka chumbani kwake. Mama Pacha alipofungua mlango, joto likawapokea kama tanuri la mkate.

"Makubwa! Hita hii inawaka tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Huwa naiacha, ili nikirudi nikute joto. Baridi ya huku siiwezi."

"Sasa mchana kutwa unampashia nani joto? Kitanda?"

Mama Pacha akatazama kitanda. Kitanda kweli kilikuwa na joto zuri.

"Bili ya umeme ndiyo inayokutoa roho, halafu unakwenda kuosha masufuria ya watu ili uilipe!" Shangazi akamwonyesha kitufe kidogo nyuma ya ile hita. "Hiki ni cha kuiwekea saa. Unaipanga iwake ukikaribia kurudi. Ukilala, izime, ujifunike. Na huo mkate wa pakiti kila siku, unajua ni ghali kuliko kupika? Mchele na maharage ukinunua kwa wingi, na ukapika chungu kimoja, unakula siku tatu. Mimi napika, wewe unapika, tunapishana. Tena nauli zako. Una kadi ya mwezi ya wanafunzi?"

"Ipo kadi?"

"Loo, mtoto huyu! Mwaka mzima unalipa nauli ya wenye mishahara!"

Alimcheka, lakini aliondoka akiwa amemfunika shuka miguuni kama mgonjwa.

Kesho yake Mama Pacha alikwenda. Mshauri wa ile ofisi alikuwa kijana mwenye miwani, mtu wa kusikiliza. Alizipanga hati za mshahara mezani, akajumlisha wiki kwa wiki.

"Umezidisha saa katika wiki nane," alisema. "Kuanzia leo usifanye hata saa moja ya zaidi. Utaandika maelezo, ukweli mtupu, bila kujipendelea wala kujichongea. Mwanasheria wa chuo atayasoma, kisha tutayapeleka panapohusika."

"Na wakinikatalia?"

"Tutakuwa pamoja nawe mpaka mwisho. Lakini jibu lao mimi silijui."

Alimweleza na mengine. Wakati wa likizo kibali chake kiliruhusu saa nyingi zaidi, kwa hiyo pesa ya kuweka akiba aitafute wakati ule, si wakati wa masomo. Vibali havifanani, alisema, hata vya wanafunzi wawili wa darasa moja. Kila mtu asome chake, na asipoelewa aulize. Tena akamwambia kwamba chuo kina mfuko wa dharura kwa wanafunzi waliokwama kodi au chakula, na kwamba mwenye chumba cha peke yake anaweza kuomba kuhamia chumba cha wawili, ambacho kodi yake ni nafuu.

"Kumbe mnatoa msaada!" Mama Pacha alishangaa. "Mimi nilidhani hapa mnagonga mihuri tu."

"Na mihuri tunagonga pia," alisema yule kijana, akacheka.

Kutoka pale alikwenda mgahawani kuaga. Msimamizi wa jiko hakupenda. Mama Pacha alikuwa mwosha vyombo mzuri. Akamvuta pembeni.

"Mbona unajitesa? Mimi nitakulipa mkono kwa mkono. Hakuna karatasi, hakuna saa, hakuna atakayejua."

Nikuambie ukweli, Mama Pacha alisita. Aliuona ukuta wa nyumba yake, umefika madirishani, hauna linta ya zege juu yake. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kamba ya aproni. Kisha akauliza swali moja.

"Na nikiungua na mafuta humu jikoni, utasema mimi ni nani?"

Msimamizi akatazama sinki.

"Mwisho wa mwezi usiponilipa, nitamshitakia nani?"

Akavua aproni, akaikunja, akamkabidhi. Akamshukuru pia, maana adabu haina hasara.

Lakini lililokuwa gumu kuliko yote lilibaki. Mumewe.

Jumapili hakusubiri kupigiwa. Alipiga yeye. Baba Pacha alitokea akiwa na vumbi la mbao kichwa kizima.

"Baba Pacha, nina jambo. Usinikatishe mpaka nimalize."

Akamwambia. Kazi ya pili. Saa zilizozidi. Mtoto aliyeanguka. Kwamba huenda akarudishwa. Kwamba hakuwa akila vizuri, wala akilala, na zile taa alizisingizia. Alisema haraka haraka, macho chini, kama mtoto aliyevunja kikombe. Alipomaliza, akainua macho kwenye kioo.

"Umekasirika?"

Baba Pacha alikuwa anafuta macho kwa kiganja, vumbi lote likaenda usoni.

"Nimekasirika na nafsi yangu," alisema. "Nilikuwa nikipokea ile pesa nasifiwa mtaani. 'Fundi, mkeo anakuheshimisha.' Nami navimba kichwa. Sikuuliza inatoka wapi. Kumbe inatoka kwenye sahani yako!"

"Niliona aibu kusema sina."

"Nami niliona aibu kusema inatosha. Wote wawili tukanyamaza, ukuta ukapanda."

"Na sasa hautaendelea, Baba Pacha. Sina cha kutuma mpaka likizo."

"Acha usimame hapo hapo ulipo. Ukuta hauli, hauumwi, wala hauna mtihani. Wewe ndiye unayekula. Mke wangu, sikukuoa ili nikutume ukateseke. Tulikubaliana ukasome, basi usome. Watoto wanakula kwa randa yangu hii."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema. Kazi yao ni kusema, kwani wanalipwa?"

Mama Pacha alicheka, halafu akalia. Safari hii alilia mbele ya mumewe, bila kusingizia kitu. Hakuwa amejua jinsi alivyokuwa mpweke mpaka siku hiyo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, nisikudanganye. Alihamia chumba cha wawili. Mwenzake, binti mmoja mwanafunzi wa famasia, alikoroma kuliko alivyokuwa amemwonya. Lakini kodi ilipungua, na umeme waligawana. Ofisini aliendelea na saa zake kumi na nne. Alipika kwa zamu na Shangazi, ambaye kila mara alilalamikia chumvi na kila mara aliongeza sahani. Na alilala. Jamani, alilala! Siku ya kwanza alilala mpaka yule binti akamgusa bega kuona kama yu hai.

Alisubiri jibu la maelezo yake roho ikiwa juu. Kila Shangazi aliporudi kutoka ofisini, Mama Pacha alimtazama usoni kwanza, mikononi baadaye. Mtihani wa vitendo ukafika jibu halijaja. Akaufanya hivyo hivyo. Alimpokea mtoto wa plastiki, akamkausha, akamlaza, na macho yake yalikuwa makavu na wazi. Mkufunzi aliandika kitu, akamwambia, "Vaa viatu visivyoteleza siku ya wodi." Ndivyo alivyojua kwamba amefaulu.

Jibu lilikuja siku chache baadaye. Lilikuwa onyo. Serikali imeridhika kwamba alikuja mwenyewe na amerekebisha. Anaruhusiwa kuendelea na masomo. Ila asirudie, maana mara ya pili hakutakuwa na huruma. Shangazi alimsomea mara mbili, kisha yule mama mwenye ulimi mkali akaenda dirishani akajifanya anatafuta mwiko.

Wiki yake ya kwanza wodini, mchana mweupe, Mama Pacha alimpokea mtoto wa kweli. Mkufunzi alisimama nyuma yake, mikono tayari, lakini haikuhitajika. Ni msichana, analia kwa hasira, ngumi zimekunjwa. Alipotoka zamu hakwenda hata kula. Alikaa kwenye benchi la nje na kupiga simu. Walipokea pacha wenyewe, nyuso mbili zikigombania kioo kimoja.

"Nimepokea mtoto leo!" aliwaambia. "Mtoto mzima, ana nywele kama brashi!"

"Ukampeleka wapi?" aliuliza Mdogo.

"Nilimlaza kifuani kwa mama yake."

Pacha wakatazamana. Mdogo alifikiri kidogo.

"Kumbe mama yake alikuwepo."

"Alikuwepo, mwanangu."

"Na wewe utakuja lini?"

Mama Pacha alitaka kusema "karibuni", kama alivyozoea. Akajizuia.

"Siyo karibuni," alisema. "Bado miaka miwili. Ni mingi, najua. Lakini nitamaliza, na nitakuja, wala sitaondoka tena mkiwa mmelala."

Mdogo akajificha uso kwa mkono. Mkubwa akamshika mwenzake bega, akaichukua simu kama mwenye nyumba.

"Sasa unafanya nini hapo nje?" aliuliza. "Si ukasome?"

Na akakata simu.